Nyumba ya Mawe na Mikono ya Ndugu



Hakuna mtoto wa shule asiyeijua methali ya ufa na ukuta. Nimeiandika ubaoni mwaka kwa mwaka, nimesahihisha insha zake kwa mamia, na karibu zote husema neno lilelile: usingoje, ziba leo. Lakini methali ile haisemi ufa uzibwe kwa kitu gani. Wala haisemi nani atashika mwiko, wala saruji itanunuliwa kwa fedha ya nani, wala nyumba ikiisha kupona itakuwa ya nani. Hayo ndiyo maswali yanayowagombanisha ndugu, nazo insha haziyagusi.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba za kale za mawe, zile zinazoonekana bado huku na huku katika mji wa Bukavu na vilimani kandokando ya Ziwa Kivu. Baadhi yake zilijengwa wakati mji ulipoitwa Costermansville, jina lililodumu tangu 1927 hata 1954. Mawe yake ni meusi na mazito, ni mawe ya volkano ambayo wataalamu huyaita basalti. Bwana mkubwa wa kazi alikuwa mgeni, ila mikono iliyoyachonga na kuyapanga ilikuwa ya baba zetu na babu zetu. Na wengine wao, jioni baada ya kazi, waliokota mabaki ya mawe wakajijengea nyumba zao wenyewe kwa maarifa yaleyale. Siku hizi wajukuu huzitazama nyumba hizo wakasema, “Tubomoe, tujenge ya matofali ya saruji.” Wengine hujibu, “Tusiguse hata jiwe moja, ni ya babu.” Mimi naona pande zote mbili zina haraka.

Kwanza yapasa kuelewa ukuta wa mawe ni kitu gani. Sio kipande kimoja, ingawa waonekana hivyo. Ukuta mnene wa kale mara nyingi ni kuta mbili zilizopeana migongo, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati yake kifusi cha mawe madogo na udongo. Kinachozishika pamoja ni mawe marefu ambayo fundi hodari aliyaweka hapa na pale, yakipita toka upande mmoja hata upande wa pili. Fundi mvivu aliyapunguza, kwa maana jiwe refu ni adimu na huumiza mgongo. Basi miaka ikipita, ukuta uliokosa mawe hayo huanza kuota tumbo: ngozi ya nje hujitenga na ya ndani, na kifusi huteremka katikati kama mahindi guniani. Funga jiwe kwenye uzi, uliache lining’inie mbele ya ukuta, nawe utaliona tumbo hilo kwa macho yako. Ukiliona, acha habari ya kupaka rangi.

Wala hili si jambo la uzuri wa nyumba tu. Tarehe 3 Februari 2008, Dominika asubuhi, ardhi ilitetemeka kwetu kwa kipimo cha 5.9. Kuta zilianguka Bukavu na ng’ambo katika Rwanda, na watu wakafa. Wengine ng’ambo ile waliangukiwa na kanisa walipokuwa wakisali. Ukuta wa mawe uliofungwa vizuri hutikisika ukabaki. Ule wenye tumbo huanguka kwa uzito wake wote, tena mara nyingi kwa upande wa kitanda, maana sisi sote twapenda kuegemeza kitanda ukutani.

Adui mwingine ni maji, naye hupiga kazi kila siku bila kelele. Mvua yetu huanza Septemba ikaendelea hata Mei. Nyumba isiyo na mifereji ya bati ukingoni mwa paa hupokea maji yote miguuni pake. Udongo ulioshika mawe hulainika, msingi huzama upande mmoja, na ufa hutokea juu, mbali na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mtu azibaye ufa asiulize kwanza maji yatoka wapi afanana na mganga anayefunga kitambaa kichwani kwa mgonjwa wa tumbo. Tazama pia kama udongo wa nje umepanda, kwa miaka ya kufagia na kulima, hata ukapita kimo cha sakafu ya ndani. Nimeona nyumba nyingi za namna hiyo. Kuondoa udongo huo hakugharimu kitu ila jembe na siku mbili za vijana.

Tena, ili kujua kama ufa bado watembea au umelala, bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji kidogo pande zote mbili, andika tarehe, ungoje miezi. Kioo kikivunjika, ukuta bado wasogea, na kazi ya kuziba ingekuwa bure. Mpeni mtoto wa darasa la sita kazi ya kukitazama kila Jumamosi na kuandika. Hataisahau.

Lazima niseme pia neno chungu. Mahali pengine kilima chenyewe ndicho kinachoteremka, kama kule Funu, ambako wataalamu wameupima mwendo wake. Huko hakuna chokaa wala saruji itakayoiokoa nyumba, na ndugu wanaotupa fedha zao katika ukuta kama huo wangefanya vema kununua mahali pengine.

Sasa tuje kwenye saruji, au sima kama wengi wetu tunavyosema. Watu huipenda kwa kuwa ni ngumu. Lakini ugumu huo ndio ubaya wake katika nyumba ya kale iliyojengwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu kidogo toka ardhini, kisha huutoa nje kwa njia ya viungo vilivyo kati ya mawe. Ukivifunika viungo hivyo kwa lipu nene ya saruji, maji hayapati mlango. Hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, hutoa chumvi nyeupe, na baada ya misimu michache lipu hubanduka mapande kwa mapande. Tena ukuta wa kale hupenda kusogea kidogo. Chokaa hukubali kusogea pamoja nao, lakini saruji hukataa na kupasuka.

Chokaa si siri ya wageni. Hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika moto mkali wa kama digrii 900, na waashi wa pwani ya Lamu na Unguja wamejengea majumba yao ya mawe ya matumbawe kwa chokaa karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika huku. Lakini mtu asiye na mazoea na ajihadhari. Chokaa iliyotoka tanuuni, ikikutana na maji, huchemka kwa ghadhabu. Tia chokaa polepole ndani ya maji mengi. Usimwage kamwe maji juu ya chokaa. Watoto wakae mbali, na mwenye kukoroga afunike macho yake. Ikimrukia mtu machoni, aoshwe palepale kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha apelekwe kwa mganga bila kungoja kesho. Ikiisha kuzimwa, iache chini ya maji majuma kadhaa, iwe laini kama siagi, ndipo uichanganye: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi wenye kukwaruza.

Kazi yenyewe ni ya subira. Viungo vya zamani hukwanguliwa kwa kina cha vidole viwili, ukuta hunyeshewa maji, kisha chokaa husukumwa ndani kwa nguvu, si kupakwa juujuu. Palipo na tumbo, mawe hutolewa yakawekwa upya, lakini kwa vipande visivyozidi mita moja, na paa limeshikiliwa kwa nguzo za mikaratusi. Kila jiwe lapigwa namba kwa makaa ili lirudi mahali pake. Yakirudishwa, ndipo mnapoingiza yale mawe marefu aliyoyanyima fundi wa zamani. Na juu kabisa, chini ya paa, mkanda wa zege wenye nondo, uzungukao nyumba yote kama mshipi kiunoni, huzikataza kuta kuachana siku ya tetemeko. Hapo saruji ina mahali pake, nami siidharau. Mkanda huo na nguzo hizo si kazi ya kujaribia. Tafuteni fundi anayejua, mmlipe.

Naijua jamaa moja ya mjini ambayo sitaitaja. Baba alikwisha kufa. Mama mjane alikaa katika nyumba ya mawe ambayo mume wake aliijenga akiwa karani. Watoto watano. Mkubwa yuko Kinshasa, ana kazi nzuri. Wa pili ni mwuguzi. Wa tatu ni mwashi. Wa nne dereva. Wa mwisho alikuwa bado shuleni. Ukuta wa nyuma, pale hasa alipolala mama, ulikuwa umeota tumbo la kiganja kizima. Mkubwa aliandika kwamba kiwanja kiuzwe, mama apangishiwe vyumba viwili, na masalio yagawanywe. Mwashi akasema atautengeneza ukuta katika kiangazi kimoja. Yule mwuguzi, ambaye alikuwa akimwosha mama miguu kila jioni, aliuliza tu kama mtu amemwuliza mama.

Hawakuwa wamemwuliza. Wakakusanyika Dominika moja baada ya Misa, mjomba akiwa mkuu wa mazungumzo. Mkwe, mume wa mwuguzi, ndiye aliyeona hatari kuliko wote, lakini ni mkwe. Hawezi kumwamuru mama mkwe wake atoke chumbani. Alimnong’oneza mjomba. Mama alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Mawe ya ukuta huo niliyabeba mimi kichwani, nikiwa na mimba ya huyu anayetaka kuyauza. Tena mnahangaika na ukuta. Mfereji wa baba yenu mmeutia wapi?”

Hakuna aliyejua habari ya mfereji. Kumbe marehemu alikuwa amechimba nyuma ya nyumba mfereji wa mawe, uliofunikwa kwa mabamba, wa kupokea maji ya kilima na kuyapitisha kando. Watoto walipojenga jiko jipya, waliufukia bila kujua. Tangu wakati huo maji ya kilima yaliingia chini ya ukuta wa nyuma kila masika. Mwashi, aliyeupima ukuta ule mara tatu kwa kamba na timazi, alikaa kimya muda mrefu. Wakachimba mahali mama alipoelekeza kwa fimbo yake, wakayakuta mabamba kwa kina cha goti, na mfereji mzima umejaa tope. Nawaambieni, wasomaji, kabla hamjamwita fundi, ketini na mzee aliyeiona nyumba ikiinuka, mmwulize polepole: maji yalipita wapi? Mlango upi uliongezwa baadaye? Jiwe lilitoka wapi? Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote, na kila mazishi huyapunguza.

Mama alikubali kulala kwa binti yake miezi miwili, kwa sharti kwamba kuku wake waende naye. Kazi ilianza mwisho wa Juni. Huo ndio wakati wake, kwa sababu mvua imekoma, na mwezi wa Julai na Agosti watoto wako katika pumziko kubwa. Ikawa salongo ya kweli, ila salongo isiyo na polisi. Vijana walibeba mawe, watoto waliyapiga namba, mashemeji walichekecha mchanga. Nami nawasihi wanaume wanisamehe: orodha ya wafanyakazi mara nyingi husahau nusu yao. Mwanamke aliyeamka saa kumi, akateka maji ndoo kumi za kukorogea chokaa, kisha akapika ugali, maharagi na sambaza kwa watu kumi na wanane, amefanya kazi nzito sawa na aliyeshika mwiko. Kuhusu kasiksi, fundi wetu alikuwa na sheria: hakuna kunywa kabla ya vyombo kuoshwa jioni. Mjomba wa pili alikasirika akaenda zake. Hakuna aliyemfuata.

Kulikuwa na jambo la paa pia, nami naomba mlisome kwa makini, kwa kuwa laweza kuua baada ya miaka ishirini hata arobaini. Nyumba nyingi za wakati ule zilifunikwa kwa mabamba ya kijivu yenye asbesto. Yakiwa mazima na kuachwa yalivyo, hatari yake ni ndogo. Lakini yakikatwa kwa msumeno, kutobolewa au kuvunjwa, hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, zinazokaa mapafuni na kuleta kansa. Kitambaa puani hakisaidii. Katika Rwanda serikali imeamuru paa hizo ziondolewe. Mkilazimika kuziondoa, yalowesheni mabamba kwa maji, fungueni misumari pasipo kuvunja, yavilingisheni katika plastiki, wala msifagie mavumbi yakiwa makavu. Afadhali mpate watu wenye vifaa vya kazi hiyo. Watoto wasiwepo. Na mtu asichukue vipande kwenda kutandika njia ya bafuni, kama nilivyoona kwa macho yangu.

Turudi kwa ndugu wale. Ugomvi ulikuja mahali mlipouwazia: katika fedha. Mkubwa alituma fedha ya nondo, saruji na mabati, kisha akasema katika simu kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza nyumba. Mwashi, aliyekuwa ameacha kazi za watu miezi miwili, alitupa mwiko chini. Mjomba akaleta daftari. Upande mmoja aliandika kila fedha iliyotumwa, na tarehe yake. Upande wa pili aliandika kila siku ya kazi ya kila mtu, kwa ujira wa mfanyakazi wa siku kama ulivyo sokoni, na kwa fundi ujira wa fundi. Siku za mapishi zikaandikwa vilevile, baada ya mabishano. Walipojumlisha, mikono iliipita fedha. Mkubwa alinyamaza siku nne, kisha akaja mwenyewe mwezi wa Agosti, akabeba mawe siku mbili hata viganja vikatoka malengelenge. Bado asema kwamba kiwanja kingeuzwa. Hiyo ni haki yake ya kusema.

Lakini ni haki yake ya kutenda? Hapa wengi hukosea, basi tuitazame sheria ya nchi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali. Sisi hupewa haki ya kuitumia, na ushuhuda wake ni hati ya uandikishaji. Jamaa nyingi zina nyumba nzuri na hati yenye jina la marehemu, au hazina hati kabisa ila karatasi ya mauzo iliyoliwa na mende. Fuatilieni jambo hilo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Na kwa Kanuni ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, nao hupata robo tatu za urithi kwa mafungu sawa. Binti hupata sawa na mwana, hata kama ameolewa mbali. Robo inayobaki ni ya daraja la pili, ambamo yumo mjane. Tena mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba ambamo yeye na mumewe walikaa, kwa masharti ambayo sheria imeyaweka. Kwa hiyo baba mdogo anayekuja na kufuli siku ya arobaini hana sheria nyuma yake, hata akiwa na sauti kubwa.

Yafuata pia kwamba ndugu aliyelipa mabati hajanunua nyumba, wala aliyeujenga ukuta hakuongezewa chumba. Wametoa, au wamekopesha, na yapasa isemwe wazi mapema ni lipi kati ya hayo mawili. Jamaa ile iliandika kwamba yote yaliyo katika daftari ni zawadi kwa mama wakati wa uhai wake, na siku ya kugawanya, hesabu ile itatazamwa kabla ya mafungu. Wote watano walitia sahihi, mjomba akashuhudia. Wengine watapendelea namna nyingine. Bora iwe imeandikwa.

Viungo vya mwisho vilijazwa katika juma la mwisho la Agosti. Chokaa haipendi kukauka upesi. Hushika polepole kwa kuvuta hewa, na jua kali huifanya unga. Watoto walitundika magunia mabichi ukutani na kuyanyeshea asubuhi na jioni. Mama alirudi na kuku wake, akakataa lipu upande wa barabara, mawe yaonekane. Chumbani mwake aliagiza kitanda kirudi palepale, kimeegemea ukuta uleule, na mwashi akalala humo usiku wa kwanza kabla yake.

Mfereji wa nyuma husafishwa kila mwaka kabla ya mvua ya Septemba. Zamu zake zimeandikwa katika daftari lilelile. Mwaka jana ilikuwa zamu ya mkubwa, naye alituma fedha ili kijana wa jirani amsafishie. Mjomba aliipokea, akaiandika, na chini yake akaandika jina la kijana.